Kumi na Tano Kutoka Butiama

Iko siku moja ninaikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, na harusi ile niliigharamia mwenyewe. Ni jioni niliyosimama mwaloni Mwigobero, pale wavuvi wa Musoma wanaposhusha samaki, jua likiwa bado juu ya ziwa, vumbi la Butiama hadi magotini, na nyuma yangu vijana waliofunga skafu shingoni. Niliwahesabu. Nikawahesabu tena, maana hesabu ya kwanza ni ya tamaa, ya pili ndiyo ya kweli. Tulikuwa kumi na wanne. Nilikuwa nimeahidi kumi na tano.

Mwanangu, ujumbe wako umenifikia. Unasema wewe na wenzako hapo chuoni Bunda mnataka kufungua tawi la undugu wa skauti wa zamani, kwamba mko kumi na wanne na chuo kinataka kumi na tano. Unaniuliza kama kuna ubaya mkiandika jina la binamu yako ambaye hakuwahi kula kiapo, "ajaze tu nafasi." Umeniomba pia niwe mlezi wenu. Nimecheka hadi mke wangu akaja kuangalia kama ni kifua. Kabla sijakujibu, kaa chini. Mwenda pole hajikwai, na hadithi yenyewe ni ya miguu.

Wakati huo nilikuwa chuoni Musoma, mtoto wa Kibara niliyelelewa nyuma ya ungo wa dagaa. Mama yangu aliniambia mapema, mteja akikutajia bei usicheke wala usilie, mwulize tu, "Ya mwisho?" Basi nikakua najua kupatana kuliko kusali. Rafiki yangu wa chumba kimoja aliitwa Magesa, mtoto wa wakulima wa pamba wa Bunda, mpole, mrefu, mwenye miguu ambayo duka la viatu liliionea huruma. Sote wawili tulikuwa skauti sekondari. Ukishazoea moto wa kambi, wimbo, na ule mkono wa kushoto tunaosalimiana nao, maisha ya chuo bila hivyo yanakuwa kama uji bila chumvi; unashiba lakini huna habari ya kumwambia mtu.

Tukasikia wenzetu wa chuo kimoja Mwanza wameanzisha undugu wa skauti wa zamani. Watu wazima, wanakutana, wanasaidiana, wanafundisha skauti wadogo mashuleni. Nikamwambia Magesa, "Sisi tumekosa nini?" Akasema, "Watu." Tukaanza kutafuta watu. Nilipita bweni kwa bweni nikiangalia nani anafunga kamba ya chandarua kwa fundo la maana. Huyo namjua, ni wetu.

Tulipopata kumi na tano (hesabu ya kwanza ilileta kumi na sita kwa sababu nilijihesabu mwanzo na mwisho), tulikwenda kwa mkuu wa chuo. Alituangalia juu ya miwani.

"Kwa hiyo nyie ni watu wazima," akasema, "mnafunga vitambaa shingoni, mnakaa kuzunguka moto, na mnapeana mkono wa kushoto. Kwetu sisi mkono wa kushoto ukimpa mtu mzima, baba yako anaitwa kikao."

"Ni mkono ulio karibu na moyo, Mkuu," Magesa akasema.

"Na tumbo je, liko upande gani?" Tukacheka kwa adabu. Akaandika masharti yake. Watu kumi na tano walioapa kweli, wasipungue, na mlezi mwenye heshima atakayetia sahihi kwamba anatujua. "Bila sahihi hiyo sitaki kuona moto kwenye kiwanja changu."

Mlezi mwenye heshima kwa mambo ya skauti alikuwa mmoja tu, Mwalimu Wambura wa Butiama. Alikuwa amestaafu, analima mtama, anafuga mbuzi wanaomsikia kuliko wanafunzi walivyomsikia. Nusu ya skauti wa Mara aliwaapisha yeye. Tukamfuata nyumbani, mimi na Magesa. Nilijiandaa kwa mapatano makali. Nilijiambia, akisema twende kambi ya wiki mbili, nitaomba wiki moja. Akisema wiki moja, nitaomba siku tatu.

Mzee alitusikiliza akimenya karanga. Kisha akasema, "Mje hapa kwangu wote kumi na tano. Mtoke Butiama kwa miguu, mfike Mwigobero kwa miguu. Mimi nitakuwa kwa binti yangu hapo Musoma mpaka niwaone wote mmefika. Nikiwaona wote, nitatia sahihi."

Mwanangu, hiyo ndiyo ilikuwa bei. Rahisi! Sikuamini. Na mtu wa soko akiuziwa rahisi anaingiwa na wazimu. Nikaruka, "Mwalimu, tutatoka alfajiri, na saa kumi na mbili jioni tutakuwa mwaloni!"

Mzee akatupa ganda la karanga. "Haya," akasema.

Ona hapo. Yeye hakutaja saa. Mimi ndiye niliyetaja. Muuzaji kanipa bei ya chini, nikajipandishia mwenyewe. Mama yangu angelisikia angenipokonya ungo.

Siyo hilo tu. Nikaamuru wote tuvae viatu vyeusi, tupendeze, watu wa Mwigobero watuone tunavyoingia kwa mstari. Magesa hakuwa na vyeusi. Akaazima kwa mtu wa bweni la pili, vidogo kwa namba mbili. Nilimwona anavyovivaa kwa kijiko. Nikasema, "Vitalegea njiani." Vikawa kama maneno yangu mengine ya siku ile.

Tulitoka Butiama kuna ubaridi, tunaimba. Mwalimu alitupa mkono wa kushoto mmoja mmoja, akatuhesabu, akasema tutaonana ziwani. Safari ni zaidi ya kilomita arobaini. Nilipima kwenye ramani kwa uzi, mara mbili. Ilikuwa raha, usiniulize. Kina mama waliokuwa wakienda mashambani walitupigia vigelegele wakidhani ni harusi. Mchungaji mmoja wa ng'ombe akauliza tumefukuzwa shule gani. Tulikata matango tuliyopewa bure, na mimi nilijaribu hata hivyo kuomba nyongeza.

Kabla ya kufika Makutano, pale njia ya Bunda inapoachana na ya Musoma na kukata kushoto, Magesa akakaa chini kando ya barabara. Alivua kiatu. Malengelenge yalikuwa yamepasuka, soksi imeshika nyama.

"Mafuru," akaniambia, "tupumzike mpaka jua lipungue. Nitatembea polepole."

Nikatazama jua. Nikatazama saa ya kuazima mkononi. Mwanangu, mimi sikutazama ule mguu. "Tukipumzika hatufiki saa kumi na mbili," nikasema.

"Kwani tusipofika saa kumi na mbili?"

Nikajifanya sikusikia. Wakati huo huo likaja lori limejaa magunia ya pamba, linatokea huko vijijini nyuma ya Butiama. Nikalisimamisha. Nikapatana na dereva hadi utingo akacheka. Mwishowe akakubali amchukue Magesa bure juu ya magunia, amshushe Makutano, akakae pale kivulini atusubiri. Tungemkuta, angeungana nasi, tungeingia Mwigobero kumi na tano. Nani angejua?

Magesa hakutaka. "Mzee alisema kwa miguu."

"Alisema tufike wote," nikamjibu. "Wewe unafika au hufiki?"

Akapanda. Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, lakini hawakusema kwamba inaweza pia kupinda kushoto.

Tulipofika Makutano, Magesa hayupo. Tukauliza mama wa chai, tukauliza fundi baiskeli. Lori la pamba walikuwa wameliona; halikusimama hata. Wenzangu wakaanza kunung'unika. Mmoja akasema tumsubiri, mwingine akasema mmoja wetu amfuate. Na mimi, kwa ulimi wangu wa dagaa, nikawashawishi. "Amepata usafiri mwingine, katangulia Musoma. Tutamkuta mwaloni anakula sato." Nilisema kwa uhakika mkubwa, kama mtu anayeuza samaki wa jana.

Tukaendelea. Lakini hatukuimba tena. Hilo nililiona, na nikajua ni kwa nini.

Ndipo nikajikuta pale mwaloni na kumi na wanne. Mwalimu Wambura alikuwa kule mbele, amesimama anachagua sato kwenye karai la mama mmoja, hajatuona bado. Magesa hayupo. Tukikosa mmoja, tawi limekufa. Moto hatuwashi, wimbo hatuimbi, na wale kumi na watatu niliowatoa mabwenini watanitazama miaka yote ya chuo. Na mtu wa soko akibanwa, mkono wake unatafuta bidhaa iliyo karibu.

Iliyokuwa karibu alikuwa Masatu. Alikuwa mtu mzima, mwenye mke na watoto wanne, mvuvi na mpakiaji wa mitumbwi, amekaa anafunga kamba. Nilimfahamu kwa sababu alipakiaga samaki wa mama yangu kutoka Kibara.

"Kaka Masatu, nisaidie. Vaa hii skafu, simama na sisi dakika tano tu."

Akaniangalia. "Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Mzee anahesabu watu, tumepungua mmoja."

"Na mimi napata nini?"

"Heshima."

"Heshima nilikuwaga nayo hata asubuhi. Hicho kitambaa kinabaki kwangu."

"Kinabaki kwako."

"Na hicho kikofia kichwani kwako."

"Kofia hapana!"

"Basi mwiteni huyo aliyepungua," akasema, akarudi kwenye kamba yake. Nikampa kofia. Nakwambia, yule ndiye mtu pekee Mwigobero aliyewahi kunishinda, na alikuwa hata hajasimama.

Mwalimu akaja. Tukapanga mstari. Akatuhesabu kwa kidole, polepole, jua la ziwani likimpiga machoni, akafika mwisho: kumi na tano. Akapita akimpa kila mmoja mkono wa kushoto. Masatu alikuwa ameniona nilivyotoa, naye akatoa wa kushoto. Nikapumua. Kisha mzee akaokota kipande cha kamba mchangani. "Safari imekwisha, mikono bado ina akili? Kila mtu anifungie fundo la kuokolea, lile la kumfunga mtu kiunoni asizame."

Mwanangu, tulikuwa tumechoka. La kwangu lilifunguka lenyewe kwa aibu. Wa pili akafunga kitu kama kiota. Kamba ikamfikia Masatu. Akaipitisha kiunoni, mkono mmoja, pumzi moja, fundo likakaa. Akalivuta, halikuteleza. Akalifungua, akalifunga tena mgongoni bila kuangalia, huku anamfukuza kunguru kwenye dagaa kwa mguu.

Mzee alifurahi hadi macho yakamlowa. "Huyu!" akasema. "Huyu ndiye skauti! Nani alikuapisha, kijana wangu? Kambi gani?"

Masatu akanitazama. Nami nikatazama ziwa.

Hapo ndipo tukasikia sauti nyuma. Magesa alikuwa anashuka kutoka upande wa stendi, anachechemea, viatu mkononi, miguu imefungwa kwa khanga ya mama yake, nywele zimejaa pamba kama mzee wa miaka tisini. Kwapani ameshika furushi la michembe, viazi vitamu vya kukausha vilivyochemshwa.

"Mwalimu," akasema, hata salamu hakutoa, "niondoe kwenye hesabu. Mimi sikutembea yote. Nilipanda lori, nikalala juu ya pamba, nikaamkia Bunda. Mjomba wangu ndiye aliyenikuta kwenye kiwanda cha pamba, wameshaniweka karibu na mizani wanipime pamoja na magunia, akanipeleka kwa mama. Nimerudi kwa basi nikuambie mwenyewe. Wenzangu wametembea, usiwaadhibu kwa ajili yangu."

Hata wauza dagaa walinyamaza, na hao hawanyamazagi msibani.

Mwalimu akahesabu upya. Kumi na sita. Akamgeukia Masatu. "Wewe umetembea kutoka Butiama?"

"Mzee wangu," Masatu akasema, akavua ile kofia kwa heshima, "Butiama nilikwenda mara moja, kwenye msiba. Na nilipanda gari."

Mzee alianza kucheka. Alicheka akakaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, akacheka hadi sato wake wakamponyoka mkononi. Tukaanza kucheka na sisi, kwa woga, halafu kwa kweli. Magesa naye akacheka, pamba ikadondoka. Nilidhani tumepona. Kisha mzee akajifuta macho, akaniita.

"Mafuru. Mimi nilikuuzia bei gani?"

"Tufike wote, Mwalimu."

"Nilisema leo?"

"Hapana, Mwalimu."

"Nilisema saa kumi na mbili? Nilisema viatu vyeusi?"

"Hapana."

"Nilisema nitakaa kwa binti yangu mpaka niwaone. Mngefika kesho, ningekuwepo. Mngefika wiki ijayo mmembeba huyu mgongoni, ningekuwepo, na ningetia sahihi kwa mikono miwili. Wewe ulihesabu vichwa mara mbili. Miguu ulihesabu mara ngapi?" Akaniangalia kwa upole, na upole ule uliuma kuliko fimbo. "Kamba hukatikia pembamba. Mwenye kamba hushika kwanza pale pembamba. Wewe ulishika penye unene, ukapatupa pembamba juu ya lori la mtu."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Siku ile la mkuu nilikosa kulisikia mimi, na guu lililoumia likawa la Magesa. Nililia, mwanangu. Sikulia sana, nililia kidogo, kwa kiasi.

Hukumu ya mzee ilikuwa fupi. Miguu ya Magesa ipone. Kisha turudi pale tulipompandisha kwenye lori, tuanzie hapo hapo, na Magesa atangulie mbele. Hakuna kumpita.

Masatu akanyoosha mkono, wa kushoto. "Na mimi je? Kofia nimeshapewa."

"Wewe unataka nini?" mzee akamwuliza.

"Wamenipanga mstari, nimehesabiwa, nimesifiwa. Leo nirudi tu kwenye kamba? Natembeaga vizuri."

Wiki mbili baadaye tulikuwa barabarani tena, kumi na sita. Safari hii hakuna kiatu cheusi. Magesa alivaa katambuga, viatu vya tairi, zilizokatwa kwa kipimo cha miguu yake, nami nilikwenda kwa fundi kuhakikisha, mara mbili. Alikwenda mbele kwa mwendo wake wa mtu anayetafuta sindano. Mwanzoni niliteseka. Halafu nikaanza kuona vitu. Niliona mama akianika mihogo, tukamsaidia kuianua mvua ilipotishia. Nikajifunza majina ya wale kumi na watatu, ambao hadi siku ile nilikuwa nawajua kwa idadi. Tulilala shuleni njiani, na Masatu alitufundisha mafundo ambayo hayako kwenye kitabu chochote cha skauti. Tuliimba hadi sauti zikakauka, na zilipokauka tukapiga makofi.

Tuliingia Mwigobero siku ya pili, Magesa mbele, hachechemei. Mzee alikuwepo. Alihesabu vichwa. Kisha akainama, mzee mzima, akahesabu na miguu, jozi kwa jozi.

"Kumi na sita," akasema. "Mimi nilinunua kumi na tano."

"Huyo mmoja ni nyongeza, Mwalimu," nikasema.

"Basi siirudishi." Palepale mchangani akamwapisha Masatu, maji ya ziwa yakigusa vidole vyao. Kisha akaweka karatasi ya mkuu wa chuo juu ya mtumbwi, akatia sahihi. Jina la Masatu halikuwahi kuingia kwenye orodha ya chuo, maana hakuwa mwanafunzi, lakini hakuna moto tuliowasha bila yeye. Magesa siku hizi ana wajukuu na shamba la pamba. Kila tukikutana Bunda ananipa mkono wa kushoto na kuniuliza, "Mafuru, Makutano bado?"

Sasa nasaha yangu, mwanangu, na hii siipunguzi bei. Jina la binamu usiliandike. Nafasi ikiwa tupu, iache tupu. Mwenye nayo atakuja, na akikuta umeikalisha mtu wa kuazima, atakaa wapi? Msiweke masharti ambayo hakuna aliyewadai. Mtu mzima akikupa muda, upokee wote, usimrudishie nusu kwa kutaka sifa. Kabla hamjatoka, kila mmoja atazame miguu ya mwenzake na aulize viatu ni vya nani. Aliye mzito zaidi wa mwendo ndiye awe mbele. Na ukikosea, kama utakavyokosea, usingoje mwenzako mwenye kidonda aje kukusemea, jisemee. Yule wa kumi na tano mtafuteni kwa haki, hata kama itawachukua mwaka. Mimi nitasubiri. Nimejifunza kwa aliyejua kusubiri.

Ulezi nimeukubali. Mtakapokuwa tayari, mtatoka Butiama kwa miguu, nami nitakuwa Mwigobero mpaka niwaone. Mungu wa wazee wenu na awape njia pana na vivuli karibu. Viatu vyenu viwe vya kwenu. Asipotee hata mmoja kati yenu, na akipotea, aamkie mahali ambapo mjomba wake yupo. Mfike wote. Nitawahesabu vichwa, kisha nitainama, kama mgongo utakubali, nihesabu na miguu.